Mwezi Mpevu Upanga

Puge

Juni kwetu Puge ni mwezi wa viazi. Mpunga umekwishatoka majarubani, karanga zimeng'olewa, na kila ua una mwamba au turubai lililotandazwa viazi. Vinavyochemshwa kwanza ndipo vianikwe huitwa matobolwa. Vinavyokatwa vibichi vikakaushwa ndivyo michembe. Mama alikuwa akigeuza michembe juani nilipomwambia kwamba nakwenda Dar es Salaam kuona hekalu la Wabudha.

"Ni kabila gani hao?"

Nikamwambia si kabila, ni dini ya watu wanaokusanyika kila mwezi unapojaa. Akaacha kugeuza, akaangua kicheko. "Umezaliwa kwa watu wa mwezi, unapanda gari kwenda kutafuta watu wa mwezi?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Jina la Wanyamwezi, kama wengi wanavyolieleza, tulipewa na watu wa pwani. Misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikitokea magharibi, na mwezi mchanga huandama magharibi. Basi wenye kutoka kule wakawa watu wa mwezi. Sisi wenyewe tulikuwa na majina ya himaya zetu ndogo ndogo, hatukuwa na haja ya kuitwa kwa jina la taa ya mbinguni. Lakini jina la mgeni likishika halibanduki.

Aliyenialika ni rafiki niliyesoma naye Tabora, sasa fundi umeme mjini Dar es Salaam. Alikuwa amekwenda kutengeneza taa katika hekalu la Upanga, akarudi na simulizi nyingi kuliko ujira. Akaniambia nije Juni mwezi ukikaribia kujaa, niyaone mwenyewe. Mama alinifungia mfuko wa michembe, kilo tatu hivi. Hakuwajua watu wale wala mungu wao, lakini alijua kwamba mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Tabora

Barabara ya Nzega kwenda Tabora inapita katikati ya Puge, kwa hiyo siku ya kwanza haikuwa na jipya isipokuwa vumbi na ubaridi wa asubuhi. Nilifika Tabora mapema, nikaamua kupitia Kwihara kwenye tembe la Livingstone. Nililiona mara moja tu nikiwa mwanafunzi, siku ambayo nilikuwa nikiwaza zaidi soda tuliyoahidiwa.

Safari hii nilikaa. Ni nyumba ya udongo, pana, ya baridi ndani. Livingstone alikaa hapa mwaka 1872 pamoja na Stanley. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, naye Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka mwishoni mwa Agosti. Miezi mitano mtu mzima anasubiri mabega ya watu wengine! Mwaka uliofuata mabega hayo ndiyo yaliyorudisha mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo alikofia, ukipita hapa hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo. Vitabu vya shule vilitufundisha jina la aliyebebwa. Ya waliobeba tulipewa mawili tu, Susi na Chuma, nao hawakuwa wa kwetu.

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, kama kilo 32, na zaidi ya hapo mkeka wake, sufuria na unga. Wasafiri Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya wakati ule, mwezi Novemba. Wapagazi walitembea kiangazi kama hiki changu, mavuno yakiwa ghalani, wakiomba warudi kabla mvua za kupandia hazijawapita.

Na waliacha miembe. Ukitaka kujua msafara ulipita wapi, tazama miembe mikubwa isiyo na mwenyewe. Wazee husema iliota kutokana na kokwa zilizotupwa njiani na wapagazi na watumwa. Mwembe si mti wa kwetu asili, umetoka Asia ng'ambo ya bahari. Nilikaa chini ya mmoja kule Kwihara nikila karanga, sikujua kwamba siku mbili baadaye ningesikia habari za mwembe mwingine kutoka huko huko ulikotoka mbegu yake.

Mgunda Mkali

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa sehemu kubwa ilifuata nyayo za misafara. Usiku ule gari moshi lilitutoa kwenye miombo likatuingiza katika nyika ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali. Mgunda kwa Kinyamwezi ni shamba. Lilikuwa shamba kali kwa sababu halikuwa na maji wala chakula, siku baada ya siku, na aliyeugua humo aliachwa humo.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili ujae. Abiria wenzangu walilala mdomo wazi. Mimi nilikaa dirishani. Kichaka cha Itigi usiku hakina kimo, ni kama zulia la kijivu lililotandikwa mpaka ukingo wa dunia, huoni mti mmoja uliojitenga useme ule ni mti. Nilifikiri juu ya mtu aliyelala chini hapo na jino la tembo pembeni, akiutazama mwezi huu huu apate kujua zimebaki siku ngapi.

Alfajiri tulikuwa Saranda, ambako gari hushuka ukingo wa Bonde la Ufa na kuku wa kuchemsha hupanda madirishani. Nilinunua nusu. Sitasema uongo, yule kuku ndiye chakula nilichokikumbuka zaidi katika safari nzima, mpaka nilipofika Upanga.

Dodoma

Wagogo walitoza misafara ushuru wa kupita na kunywa maji, nguo na shanga, ukiitwa hongo. Ndilo neno lile lile tunalolitumia leo kwa rushwa. Sioni kama Wagogo wa zamani waliwakosea wapitaji, maana kisima katika nchi kame ni mali, na mwenye mali hudai. Waliolichafua neno ni sisi tuliolihamishia ofisini.

Kutoka Dodoma nilipanda treni ya umeme. Baada ya mwendo wa saa nne hivi, tukawa Dar es Salaam. Sina la kusimulia: vioo havifunguki, hakuna kuku dirishani, na Morogoro na milima yake ilipita kabla sijamaliza kuitazama. Wapagazi walitumia majuma kadhaa kwa kipande hicho. Tena njia yao haikuishia huku hata kidogo, iliishia Bagamoyo. Dar es Salaam ilikuwa kijiji cha Mzizima kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kuijenga katika miaka ya 1860.

Upanga

Hekalu liko Upanga, katikati ya mji, na bado ukipita kwa haraka hulioni. Ukuta, lango, kisha ghafla utulivu. Rafiki yangu alinionya nivue viatu na nivae nguo nyeupe. Shati nilikuwa nalo, suruali nikaazima kwake, fupi kidogo. Nikawa kama mwanafunzi aliyerefuka likizoni.

Wenyeji wanauhesabu mwaka 1920 kuwa mwanzo wa hekalu hili. Waingereza walikuwa wameitwaa Dar es Salaam Septemba 1916, na katika mji huo uliokuwa ukibadilisha mabwana waliishi Wasinhala kutoka Ceylon, nchi tuiitayo sasa Sri Lanka, waliokuja kufanya kazi. Walikuwa na chama chao, wakataka mahali pa kuwafundishia watoto na kukutania mwezi ukijaa. Wengi wa wajukuu wao wamekwishahama. Waliobaki, na wageni wa kazi, na Watanzania wachache waliovutiwa na mafunzo ya kutulia na kutafakari, ndio wanaoliweka hai.

Uani kuna mti. Nimeanza na ukuta na lango, lakini ungekuwepo ungeanza na mti. Ni wa ukoo wa mkuyu, majani yake umbo la moyo yenye ncha ndefu kama mkia, na hutetemeka hata upepo ukiwa umelala. Wanauita Bodhi. Chini ya mti wa namna hiyo, kaskazini mwa India, ndipo Budha alipokaa mpaka akazinduka. Tawi lake lilipelekwa Anuradhapura, Sri Lanka, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na mti ulioota huko unatunzwa hadi leo. Wenyeji wa Upanga wanasema mche wao ni wa kizazi cha mti ule. Watu waliuzunguka pole pole, wakamwagia maji shinani kwa vyungu vidogo, wakaweka maua ya msanapichi juu ya jiwe. Msanapichi ule ule ambao sisi tunauona makaburini! Nilishtuka kwanza. Mama mmoja wa Kisinhala aliyekuwa karibu akaniona, akasema kwa Kiswahili cha Upanga kisicho na doa, "Mwanangu, ua hili kesho litakuwa limenyauka. Ndiyo sababu tunalitoa."

Kila mwezi mpevu huitwa Poya, na kila Poya ina jina lake. Mama yule alinihesabia kwa vidole. Januari ni Duruthu. Mei ni Vesak, kubwa kuliko zote, kuzaliwa kwa Budha, kuzinduka kwake na kufa kwake, vyote siku moja, na taa za karatasi hutundikwa kila mahali. Juni, hii yetu, ni Poson. Julai ni Esala, siku ya hotuba ya kwanza, na baada yake watawa hutulia mahali pamoja miezi mitatu. Oktoba ni Vap. Kipindi hicho waumini huwapa watawa joho jipya. Desemba ni Unduvap, siku tawi la Bodhi lilipofika kisiwani. Kwao Sri Lanka kila Poya ni sikukuu ya taifa, na pombe haiuzwi. Nikavifikiria vilabu vya Tabora usiku wa mbalamwezi, nikanyamaza.

Habari ya watawa kutulia miezi mitatu niliidadisi. Sababu yake ni mvua. Hapo kale watu walilalamika kwamba watawa wakizurura masika hukanyaga mimea michanga na wadudu. Nikamwambia mama kwamba Julai Puge hakuna mmea wa kukanyaga, ni vumbi tupu. Kwetu wangetulia Desemba. Akacheka, akasema mwezi hauulizi mvua ya nchi gani.

Asubuhi watu wapatao thelathini walikaa chini ndani ya ukumbi wa sanamu, wote weupe, wakapokea nadhiri nane kwa kutwa moja. Mtawa anatamka, watu wanarudia kwa lugha ya Kipali: kutoua kiumbe, kutotwaa kisichotolewa, kujizuia na tendo la ndoa, kutosema uongo, kutokunywa kileo, kutokula baada ya saa sita mchana, kuacha ngoma na mapambo, kutolalia kitanda cha fahari. Siku za kawaida wanashika tano. Niliyekulia kwenye Kwaresima na majirani wenye Ramadhani sikuona ajabu katika kufunga. Ajabu ilikuwa kwamba mchana wanaoufunga ni kipande cha pili tu, na kwamba hakuna anayemwomba mtu msamaha wala kitu. Wanaahidi, basi.

Nilipoletwa mbele ya mtawa mzee nilifanya niliyofunzwa nyumbani, nikasema, "Shikamoo." Hakujibu marahaba. Alitabasamu, akatamka maneno ya baraka. Nyuma yangu akaja kijana wa Kisinhala mwenye umri kama wangu, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu karibu na miguu ya mtawa, mara tatu. Kisha akamgeukia mama yake mzazi akafanya vile vile. Wanatuambia wajuzi wa lugha kwamba shikamoo ni nashika miguu yako. Maisha yangu yote nimeishika miguu ya watu kwa mdomo, nikiwa nimesimama wima.

Saa tano ilikuwa zamu ya chakula cha watawa, dana. Ukutani palikuwa na kalenda, kila siku na jina la familia. Fulani ataleta chakula tarehe hii kwa kumbukumbu ya baba yake, fulani tarehe ile kwa siku ya kuzaliwa mtoto. Hapo nilielewa hekalu linaendeshwaje. Mtawa hapiki, haombi apikiwe, na chakula ambacho hakikutiwa mikononi mwake hakili. Waumini wakikosa siku moja, siku hiyo hali. Na wao hawalitazami kuwa mzigo. Wanasema zamu hiyo ndiyo inayowakutanisha. Mtu akifa, dana hutolewa siku ya saba, kisha miezi mitatu, kisha mwaka. Sisi tuna arobaini yetu. Hesabu tu ndiyo tofauti.

Meza ilikuwa na wali, dengu zilizopikwa kwa nazi, fenesi bichi la mchuzi, samaki, nazi iliyokunwa ikasagwa na pilipili na ndimu, na kiribath, wali wa nazi uliogandamizwa na kukatwa kama vipande vya keki. Mtu wa pwani asingejiona mgeni hapo. Mimi wa bara nilikuwa nimesimama pembeni na mfuko wangu.

"Hiyo nini?" mama akauliza.

Nikamweleza michembe. Akaibwaga mikononi mwangu kazi nzima: nikaoshe, nikachemshe. Jikoni wanawake watatu walinizunguka. Kwetu tunachemsha na karanga zilizotwangwa. Mmoja wao akasema kwao viazi huliwa na nazi na pilipili, akaongeza nazi. Sikubishana, mgeni ni mimi. Kikatoka kitu ambacho si cha Puge wala cha Ceylon, kitamu. Nilipelekwa mbele ya watawa na bakuli, nikaambiwa nishike kwa mikono miwili. Mtawa akanyoosha bakuli lake, nikampakulia. Akala kwa mkono, kimya, kisha akauliza jina. Akajaribu kulitamka: micembe. Wote tukacheka, naye pia.

Kulikuwa na jambo lililonitatiza hapo. Mtawa wa Kibudha haruhusiwi kuchimba udongo, maana udongo una viumbe ndani yake. Basi yule mzee hawezi kuchimba kiazi hata kimoja maisha yake yote, lakini alikula kile alichokichimba mama yangu kwa jembe, pamoja na minyoo yote aliyoikata. Nilimwuliza rafiki yangu kama hilo si kumtwika mwenzako dhambi. Akaniambia niulize wenyewe. Niliuliza. Nikajibiwa kwamba nadhiri ni mzigo wa aliyeuchukua, na mkulima hakuuchukua huo. Jibu lenyewe sikulikubali, na bado sijalikubali. Mtu asiyechimba hana budi kuishi karibu na anayechimba, na ingependeza siku moja amtaje.

Usiku mwezi ulipanda juu ya maghorofa. Taa za mafuta ya nazi ziliwashwa kuuzunguka mti, kisha ikaja hotuba ya Poson. Ilikuwa kwa Kisinhala, kijana mmoja akinitafsiria sikioni. Ni siku ya kukumbuka Mahinda, mwana wa mfalme Ashoka wa India, alivyofika kisiwani kwao katika mlima wa Mihintale. Mfalme wa kisiwa, Devanampiya Tissa, alikuwa akiwinda. Akakutana na mtawa badala ya mnyama. Mtawa, kabla hajamfundisha neno lolote, alitaka kujua kama ana akili ya kufundishika. Akamwonyesha mti, akauliza ni mti gani. Mfalme akasema mwembe. Mtawa akauliza kama iko miembe mingine. Iko mingi. Je, iko miti isiyo miembe? Iko. Sasa ukiacha miembe mingine yote, na miti yote isiyo miembe, kuna mti mwingine? Mfalme akafikiri, akajibu: upo, huu huu mwembe uliopo hapa.

Basi akaonekana anafaa. Watu walicheka taratibu, kama watu wanaocheka jambo walilolijua tangu utotoni. Mimi nilikuwa Kwihara, na ganda la karanga mkononi.

Mwishoni watawa walisoma dua ndefu iitwayo pirit, wakishika uzi mweupe mmoja uliopita mikononi mwa watu wote. Kisha uzi ukakatwa vipande, kila mmoja akafungwa cha kwake kifundoni. Mama wa Kisinhala akanipa mfuko nirudi nao: majani ya chai, na nazi mbili. "Mpelekee mama yako. Mwambie vimefika."

Puge

Mama aliuona uzi kabla hajaziona nazi. "Nani kakufunga hirizi?" Nilimweleza kwa muda mrefu, akasikiliza, akapima nazi kwa mkono, akasema watu wenye kurudisha mfuko ukiwa na kitu ndani ni watu wenye adabu. Kuhusu kuchimba udongo alisema mtawa aje Puge, atampa kazi ya kumenya, hiyo haina minyoo.

Ukitaka kwenda, usisubiri safari ya kikazi. Tazama mwezi, ukijaa tu wanakutana. Vaa nyeupe, vua viatu, fika kabla ya saa tano asubuhi ikiwa unataka kuona zamu ya chakula, na beba kitu ulichovuna mwenyewe.